Mota ya Kanali na Ukungu Uliosingiziwa

Juzi nilipita kwenye karakana moja hapa Lushoto, silitaji jina lake kwa sababu mwenyewe ananiamkia vizuri, nikamkuta kijana anang'oa betri ya gari. Nikamuuliza ina nini. "Imekufa, mzee." Umejuaje? "Gari haliwaki." Nikamwambia, na wewe je, ukinyamaza leo mchana tukuchimbie kaburi? Akacheka, akaendelea kung'oa. Mwenye gari akanunua betri mpya, akaifunga, akawasha, na gari likabaki kimya vilevile. Simwaibishi kijana wa watu. Au tuseme namwaibisha kidogo, maana dawa isiyowasha haiponyi.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mnaoshika spana siku hizi, wajukuu zangu mnaojiita mafundi kabla mkono haujapata doa la asidi. Mimi nilifanya kazi ya betri na nyaya tangu enzi za Mwingereza mpaka macho yalipokataa kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia. Sikusoma popote. Nilifundishwa na Fundi Salimini, na kufundishwa na Fundi Salimini kulikuwa ni kutukanwa kwa utaratibu.

Salimini alikuwa mtu wa Tanga mjini, na hakukuacha usahau. Alikuja huku milimani na tarbushi yake nyekundu, akakuta baridi, akailaumu serikali. Sisi wa huku aliona tumezaliwa jana. Mimi nilipoanza kazi kwake nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto kule Gare, nimeshasukuma malori ya mboga miaka mingi kama taniboi, lakini kwake nilikuwa "nyie wa migombani". Siku ya kwanza akanipa kipande cha waya akaniuliza umeme unakwenda wapi. Nikasema unakwenda kwenye taa. "Halafu?" Nikasema halafu taa inawaka. Akavua tarbushi, akajipepea. "Halafu unarudi, bwana wewe! Kila kitu kinarudi kwao isipokuwa mimi, nimekwama na nyie huku juu."

Hilo ndilo somo lote, na karakana nyingi leo hazilijui. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya, unafanya kazi, unarudi kwenye betri. Ukikwama, umekwama mahali. Kazi yako ni kuifuata njia yake yote, kwenda na kurudi, kwa macho na kwa vidole. Anza kwenye betri: maji yamefunika bati za ndani? Maji yenyewe ni ya mvua, yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo cha udongo, si ya kwenye bati la nyumba lenye kutu na kinyesi cha njiwa. Kisha vichwa vya betri, viko safi, vibano vimekaza? Kisha waya, kisha fyuzi, kisha swichi, na mwisho kabisa mota yenyewe. Kijana wa siku hizi anaanzia kwenye mota, kwa sababu ndiyo yenye skrubu nyingi.

Na jambo jingine, lishikeni: taa ndogo ni mwongo. Mtu anachukua kibalbu cha tochi, anakigusisha kwenye nyaya, kinawaka, anasema umeme upo. Upo, lakini kiasi gani? Mahali palipoziba nusu pataruhusu umeme wa kibalbu upite, ila ukija umeme wa kuzungusha mota, pataukataa. Ukitaka kujua nguvu za mtu usimpe kijiko abebe, mpe gunia.

Somo hilo nililipata kwenye mashua. Ndiyo, mashua, huku milimani. Mnacheka? Hata sisi tulicheka.

Upande wa Magamba alikuwako setla mmoja, mwanajeshi mstaafu, tukimwita Kanali. Alikuwa na mashamba, baridi, na upweke, akaziba kijito akatengeneza bwawa, akatia humo samaki wa kwao. Samaki wale waliishi vizuri kuliko watu: hakuna ruhusa kuwagusa, hakuna ruhusa kuwapigia kelele, na kina mama waliokuwa wakichota maji pale wakaambiwa wazunguke mlima. Kisha akaagiza mashua ndogo kutoka Ulaya, na mota yake ya umeme, kitu cha ukubwa wa chungu cha mboga chenye mti mrefu na mapanga matatu madogo chini. Inafungwa nyuma ya mashua, inapewa betri mbili, inasukuma taratibu bila mlio ili samaki asishtuke. Mzungu huyo aliwahi kupiga mizinga vitani, sasa anamnyatia samaki aliyemfuga mwenyewe.

Mwenye kuongoza mashua alikuwa Shekiondo, mtu wa Mlola, mpole, mwenye mke mmoja na shamba la maharage. Kuogelea alijua kidogo, umeme hakujua kabisa, ila mikono yake ilikuwa safi na maagizo aliyashika. Mara mbili tatu tuliitwa bwawani kabla ya kisa chenyewe. Mara moja mota ilikuwa inaunguza fyuzi, na Salimini akakuta majani ya bwawa yamejiviringisha kwenye mapanga mpaka hayazunguki. Mara nyingine ilikuwa dhaifu asubuhi yote, kumbe Kanali alizichaji betri usiku kucha kwa dainamo iliyochoka. Akaambiwa dainamo imechoka. Akasema haiwezekani, ni ya Kiingereza.

Sasa sikilizeni. Ilikuja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Tanga atapanda kuja kuvua samaki bwawani. Kanali akapatwa na ugonjwa wa wanajeshi wote, ugonjwa wa rangi nyeupe. Mawe ya njiani yakapakwa. Mashina ya miti yakapakwa. Banda la kuku likapakwa, na kuku wawili watatu waliochelewa kutoka. Mashua ilipofika zamu yake hakumwamini mtu, alishika brashi mwenyewe, Shekiondo akashika kopo. Akapaka nje, akapaka ndani, akapaka makasia, akapaka sanduku la betri, na akiwa na moto huohuo akazipaka betri zenyewe mpaka kwenye vichwa vyake vya madini ya risasi.

"Nikamuuliza, Bwana, na hivi vichwa?" Shekiondo alitusimulia baadaye. "Akasema, kila kitu, kila kitu! Basi. Rangi ilipokauka nikarudisha vibano, nikakaza. Mimi nani hata nikaikwangue rangi ya bwana?"

Siku ya siku mgeni akapanda, mnene, na fimbo yake ya kuvulia. Kanali akapanda. Shekiondo akawasha swichi. Mota ikasogeza mashua polepole, kwa sababu vibano vilivyokazwa vilichubua rangi kidogo pembeni, na umeme ukapata pa kupenyeza. Walipofika katikati, Kanali akaamuru mwendo mkubwa. Mota ikaguna, ikanyamaza. Na wakati huohuo ukungu ukateremka kutoka msituni kama unavyoteremka kila siku ya Mungu, ukawafunika. Kanali akadai makasia. Makasia yalikuwa ufukweni, yamepakwa tena asubuhi ile, rangi bado mbichi.

Watu waliokuwa kando ya bwawa walisema hawakuona kitu, ila walisikia. Walisikia mgeni akipiga chafya, wakasikia Kanali akitukana kwa lugha mbili. Mwishowe Shekiondo akajitosa kwenye maji yale ya barafu, akashika kamba, akaivuta mashua mpaka nchi kavu na wakubwa wawili wamekaa ndani. Shukrani aliyopewa ni hii: Kanali alimkamata shati, akasema, "Wewe haribu mota ya mimi makusudi! Wewe iko hasira sababu ya wanawake ya maji!" Maana Shekiondo alipata kunung'unika juu ya kina mama kuzungushwa mlima. Akaambiwa kesho anapelekwa boma, na boma lilikuwa na jela.

Asubuhi yake tukaitwa. Salimini akafika na tarbushi, akashuka kwenye mashua kama bwana harusi. Shekiondo alikuwa amekalishwa chini kando ya banda, analindwa na nyapara wa Kanali. Salimini akachukua kibalbu, kikawaka. Nikasema umeme upo. Akanitazama kwa huruma. Akachukua taa kubwa ya lori, akaifunga palepale, ikawa na wekundu wa kaa linalokufa. Akapitisha kucha kwenye kichwa cha betri, akanionyesha kucha. Ilikuwa nyeupe.

Pale nilidhani atasema. Kanali alikuwa amesimama hatua chache, mikono nyuma, anangoja. Salimini akageuza mgongo, akatoa kisu, akakwangua vichwa vyote vinne kimyakimya mpaka risasi ikang'aa, akapaka mafuta mazito juu yake kuzuia ukoko, akakaza vibano. Mota ikazunguka mpaka maji yakaturukia.

"Nini haribu?" Kanali akauliza.

Salimini akatazama juu. "Ukungu, Bwana."

"Ukungu?"

"Ukungu wa huku si mchezo, Bwana. Unaingia kwenye umeme, unaulaza. Tanga hatuna."

Wallahi nilikohoa ili nisicheke. Kanali akakunja uso, akafikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu vita viishe. Akasema alijua siku zote kwamba ukungu wa Usambara una kitu ndani yake. Shekiondo akaachiwa, akaambiwa amesamehewa, akatakiwa aseme asante. Akasema.

Njiani Salimini alijisifu mpaka Lushoto. "Fundi ana kazi mbili, we wa migombani. Ya kwanza kulitafuta kosa. Ya pili kulitafutia pa kulilaza. Ukungu hauna mke, hauna mshahara, hauendi jela. Kuna hasara gani?" Mimi nami nikaona kweli, mtu huyu kichwa. Kwa wiki kadhaa kila mteja aliyeingia karakana alisimuliwa. Kanali naye aliwasimulia wazungu wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa, kwa hiyo nikagundua kwamba ujinga ukivaa koti huitwa elimu.

Lakini Salimini alikuwa mtu wa pwani. Hakujua, au alijua akapuuza, kwamba huku kwetu mvua na ukungu vina wenyewe. Tangu enzi za wafalme wetu kulikuwa na watu wanaosemekana kuishika mvua, kuiachia na kuifunga, na mtu huyo anaogopwa kuliko chui. Basi Mlola walipoletewa habari kwamba ukungu, kwa kauli ya fundi na ya mzungu, uliteremka ukaiua mashua ya Kanali, swali lao lilikuwa moja tu. Ndani ya mashua alikuwa nani wa kwetu? Shekiondo. Na nani alikuwa na ugomvi na Kanali? Shekiondo. Na nani alikamatwa asubuhi, akaachiwa kabla ya adhuhuri? Mtu angeeleza vipi?

Mwanzoni ilikuwa heshima. Wakamletea jogoo. Yeye, mpumbavu wa wema, akamrudisha, na kukataa kwake kukathibitisha. Kisha msimu ule ukungu ukaganda, hauondoki mpaka jioni, maua ya maharage yakaoza kwenye miti yake. Heshima ikageuka. Watu wakamwambia kwa adabu afungue jua. Halafu wakamwambia bila adabu.

Akaja karakana akiwa amelowa umande, hakukaa hata tulipomkaribisha.

"Fundi, umenitoa kwa mzungu ukanitia kwa ndugu zangu," alimwambia Salimini. "Shemeji zangu wamekuja jana kumchukua mke wangu. Wanasema hawawezi kumwacha dada yao kwa mtu mwenye ukungu. Siku ya gulio wazee wanakaa. Watanifukuza Mlola. Nimewaambia sijui kitu, wanasema fundi wa Tanga mwenyewe kasema ni ukungu."

Salimini akacheka. Akatutazama, akaona anacheka peke yake. "Waambie nilitania."

"Nimewaambia. Wanasema mtu wa pwani hawezi kumtania Kanali."

"Basi waambie ilikuwa rangi."

"Mimi nikisema ni rangi ya bwana, nani ataniamini? Na wewe, kwa bwana hukusema."

Nilimpenda Salimini na bado namwombea dua, lakini siku ile nilimtazama nikafurahi kumwona amepatikana. Alikuwa ametengeneza uongo kwa ufundi kuliko alivyowahi kutengeneza dainamo, na sasa ulikuwa unafanya kazi bila yeye. Akaanza hesabu zake. Kanali ndiye mteja wetu mkubwa: lori lake, trekta lake, mashua yake. Nyapara wake hakosi mnada wowote, na lisemwalo Mlola saa nne linafika Magamba saa sita. Akazunguka karakana, akapanga spana zilizokuwa zimepangwa tayari. Shekiondo akasema, "Shikamooni," kama anayeaga maiti, akaondoka. Mtu mzima wa rika letu kutuamkia sisi. Salimini aliisikia ile shikamoo. Niliona imemwingia.

Siku ya gulio tukapanda Mlola na lori la karakana. Ukungu ulikuwepo, bila shaka. Wazee walikuwa wamekaa upande mmoja, kina mama na vikapu vyao upande wa pili, Shekiondo katikati peke yake. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa amesimama kati ya kaka zake wawili, macho chini. Nyapara wa Kanali alikuwa mbele kabisa, amevaa makoti mawili, anakula muwa.

Salimini akaamkia wazee mmoja mmoja, hakuruka hata aliyelala. Kisha akaweka betri juu ya meza ya muuza vitunguu, akaifunga nyaya mbili kwenda kwenye honi ya lori. Akabonyeza. Honi ikalia, mbuzi wakakata kamba, na muuza vitunguu akamtukania mama yake. Akafungua kibano, akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe tuliyokuja nayo, akapaka kichwa cha betri. Kisha, kwa kuwa alikuwa Salimini, akawaambia wazee wangoje rangi ikauke, na tukangoja, watu mia kadhaa tunatazama rangi ikikauka kwenye baridi. Sijawahi kuona mkutano wenye nidhamu vile. Akarudisha kibano. Akabonyeza. Honi ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Ukungu upo?" akauliza.

"Upo," wakasema.

Akatoa kisu, akakwangua, akarudisha kibano, akabonyeza. Honi ikalia bondeni kote.

"Ukungu umeondoka?"

Wakatazama juu, kana kwamba hawajui. "Upo."

"Basi kilichoua mashua ni rangi. Ukungu nilisema mimi, kwa hofu yangu. Shekiondo hana ukungu. Hana hata koti."

Watu wakacheka, lakini wazee hawakucheka. Bibi mmoja muuza tumbaku, mkongwe, akainuka kwa mkongojo wake akasogea mpaka mezani. Akagusa rangi kwa kidole, akainusa.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijui honi. Nijibu hili tu. Shekiondo ni maskini, hana pesa ya kununua rangi. Rangi ile ya mashua aliipaka nani?"

Hapo ndipo palipoziba. Betri ilikuwa safi, waya mzima, na neno halipiti. Salimini akamtazama nyapara, nyapara akaacha kutafuna muwa. Nilihesabu moyoni lori, trekta, mashua, na nadhani yeye pia alivihesabu. Akavua tarbushi, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu isipokuwa kwa hasira, na safari hii hakuwa na hasira.

"Aliipaka Kanali," akasema. "Kwa mkono wake mwenyewe. Shekiondo alimuuliza, akaambiwa kila kitu. Rangi niliiona tangu asubuhi ile, nikanyamaza."

Nyapara akatupa muwa, akakata njia ya Magamba kwa haraka ya mtu anayekwenda kupewa bakshishi. Lori la Kanali halikurudi kwetu tena, wala trekta. Tulikula mihogo mwaka ule, na Salimini alinilaumu mimi kwa kila kipande.

Lakini nataka mjue tulichokiona kabla nyapara hajafika kwenye kona. Wazee walikuwa bado wananong'ona, hakuna aliyetoa hukumu. Mama Zaina akainua kikapu chake, akapita katikati ya kaka zake bila kuwaomba njia, akaenda akasimama karibu na mumewe.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Maharage yaliyobaki yanataka kupaliliwa."